SOMO LA ROBO HII: Kompyuta ya Usharika Inapokataa Kufungua "Settings"



Katika ukurasa huu tumezoea kujifunza mambo ya visima, mifugo na vikundi vya akiba. Robo hii nimeona vema tujifunze juu ya chombo kinachobeba taarifa za miradi hiyo yote, yaani kompyuta ya ofisi ya usharika. Tutazungumzia hitilafu moja ndogo: sehemu ya mipangilio iitwayo "Settings" inapogoma kufunguka. Unabonyeza, dirisha linaonekana kidogo kisha linatoweka, au halitokei kabisa.

Mtu anaweza kusema hilo ni jambo la mafundi, si la kamati. Mimi pia niliwahi kuwaza hivyo, mpaka jambo dogo kama hilo lilipotugharimu.

1. YALIYOTUPATA

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja, mtunza hazina wa usharika wa mbali na mjini, alinipigia simu wiki ya mwisho ya robo.

"Shikamoo Mama," nilimwamkia.

"Marahaba Mratibu. Hii mashine imekataa. Tarehe imerudi nyuma miaka mingi, na pale pa kurekebisha hapafunguki."

Nilikuwa katika kikao. Nikamjibu kwa haraka, "Mama, mpe fundi aiangalie." Akapanda basi na kompyuta magotini, akaja mjini, akaikabidhi kwa fundi. Fundi akafanya kile ambacho wengi hufanya mteja akiwa na haraka: "akapiga Windows". Maana yake alifuta kila kitu na kuweka Windows upya. Jioni "Settings" ilifunguka vizuri kabisa. Lakini hesabu za mradi wa maji, orodha ya watoto yatima wanaolipiwa ada na daftari la akiba la kikundi cha wajane vilikuwa vimekwenda.

Hesabu za maji tulizirudisha kwa kupitia stakabadhi moja moja, kwa sababu yule mama hakuwahi kutupa hata karatasi moja. Taarifa kwa wafadhili ilichelewa, na awamu iliyofuata ya fedha ikachelewa pia. Orodha ya watoto tuliipata shuleni. Akiba za wajane ndizo zilizotuumiza. Baadhi ya michango ya miezi miwili ya mwisho ilikuwa imeandikwa kwenye kompyuta tu. Akina mama walikaa chini ya mwembe na kila mmoja akataja alichoweka, wenzake wakakubali kwa imani. Walimaliza bila ugomvi, nami nilirudi nyumbani nikiwa na aibu. Mwaka mmoja kabla ya hapo ni mimi niliyewaambia kuwa sasa kuna kompyuta, daftari la karatasi halina kazi tena.

Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Fundi hakutenda kwa nia mbaya, kwani hakuna aliyemwambia ndani kuna nini. Na jambo lililonisikitisha zaidi nilikuja kulijua baadaye: ili kurekebisha tarehe, yule mama hakuhitaji "Settings" hata kidogo. Kuna mlango mwingine, nao tutauona hapa chini.

2. "SETTINGS" NI NINI, NA KWA NINI HUGOMA?

Zamani mipangilio yote ya Windows ilikuwa mahali pamoja paitwapo "Control Panel". Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, mambo mengi yalihamishiwa kwenye programu mpya ya "Settings". Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, iliendeleza uhamisho huo. Hata hivyo "Control Panel" haikuondolewa. Kompyuta nyingi za sharika zetu, kwa hiyo, ni kama nyumba yenye mlango mpya wa mbele na mlango wa zamani wa uani, na vyote viwili vinaingia ndani.

"Settings" nayo ni programu kama programu nyingine, hivyo yaweza kukwama au kuharibika. Sababu za kawaida ni hizi:

(a) Umeme kukatika wakati kompyuta inaandika mafaili yake, hasa inapokuwa katikati ya kusasisha Windows. Sisi wa Songea tunalielewa jambo hili. Mpaka mwaka 2018, mji wetu ulipounganishwa na gridi ya taifa kwa njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako, tulitegemea majenereta ya dizeli. Hali imekuwa nzuri zaidi tangu wakati huo, lakini umeme bado hukatika, na kompyuta ya mezani isiyo na betri huzimika papo hapo.

(b) Virusi vinavyoletwa na flashi zinazozunguka kutoka ofisi hadi kwenye duka la kuchapisha na kurudi. Vipo virusi vinavyofunga kwa makusudi sehemu za mipangilio ili visiondolewe.

(c) Akaunti ya mtumiaji mmoja kuharibika, ilhali Windows yenyewe ni nzima.

(d) Kufuli la utawala. Kompyuta iliyotoka katika ofisi au shule yaweza kuwa imewekewa zuio ili mtumiaji asibadili mipangilio, na zuio hilo likasafiri nayo mpaka huku.

3. KABLA YA KUGUSA CHOCHOTE: NAKILI

"Settings" kugoma hakuzuii mafaili kufunguka. Huo ndio wakati wa kuyaokoa. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi E, na sehemu ya mafaili itafunguka. Chomeka diski ya nje au flashi safi, kisha nakili kila kilichomo katika "Documents", "Desktop" na "Downloads". Kama mnatumia programu maalumu ya uhasibu, tumieni sehemu yake ya kutoa nakala, maana mara nyingi programu hizo huhifadhi takwimu mahali pengine. Fungua mafaili mawili au matatu kutoka kwenye flashi uhakikishe yanasomeka. Usiendelee na hatua nyingine kabla ya hii.

4. HATUA ZA KUFUATA

Zifuateni kwa mpangilio. Zimeanzia kwenye nyepesi kwenda kwenye nzito. Mkifika kwenye hatua inayoponya, mwishieni hapo.

Hatua ya 1: Washa upya, usizime tu. Wengi huzima kompyuta kwa "Shut down" na kuiwasha tena wakidhani imeanza upya. Sivyo wakati wote. Kompyuta nyingi za Windows zimewekewa utaratibu wa kuwaka haraka: zikizimwa, huhifadhi sehemu ya hali zilizokuwa nayo na kuirudisha zikiwashwa. Kilichokwama kinaweza kurudi kikiwa kimekwama vilevile. Ukichagua "Restart" mfumo huanza upya kweli. Hatua hii peke yake huponya hitilafu nyingi.

Hatua ya 2: Jaribu milango mingine. Bonyeza Windows na I kwa pamoja. Ikishindikana, bonyeza Windows na R. Katika kisanduku kinachotokea andika ms-settings: (pamoja na nukta mbili za mwisho) kisha Enter. Pia bonyeza kitufe cha kulia cha mausi mahali patupu kwenye skrini na uchague "Display settings". Ikiwa mlango mmoja unafungua, basi "Settings" yenyewe ni nzima na kilichoharibika ni njia ya mkato tu.

Hatua ya 3: Ondoa iliyokwama. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litatokea dirisha la "Task Manager" lenye orodha ya programu zinazofanya kazi. Ukiiona "Settings" humo, iguse mara moja na uchague "End task". Jaribu kuifungua tena.

Hatua ya 4: Pita mlango wa uani. Kama kazi ni ya haraka na taarifa inasubiriwa, si lazima utengeneze "Settings" leo. Bonyeza Windows na R, kisha andika mojawapo ya haya:

– control : kufungua "Control Panel";
– timedate.cpl : kurekebisha tarehe na saa;
– ncpa.cpl : kuona miunganisho ya mtandao;
– appwiz.cpl : kuondoa programu usiyoitaka.

Neno la pili ndilo ambalo yule mama angelihitaji. Ikiwa tarehe inarudi nyuma kila mnapozima kompyuta ya mezani, mara nyingi tatizo ni betri ndogo ya duara kama sarafu iliyo ndani ya mashine, ambayo imekwisha nguvu. Ibadilisheni. Tarehe isiyo sahihi huharibu kumbukumbu za barua na malipo. Aidha, hufanya tovuti nyingi zikatae kufunguka, kwa kuwa kompyuta huona vyeti vyao vya usalama kana kwamba muda wake si halali.

Kama "Control Panel" nayo inakataa, na ujumbe unasema kwamba kuna zuio limewekwa katika kompyuta hii, hapo si uharibifu. Ni kufuli. Muulizeni aliyewapa kompyuta. Kama hakuna mtu aliyeweka kufuli hilo, shukuni virusi.

Hatua ya 5: Tafuta virusi. Katika "Start" andika Windows Security na uifungue. Yenyewe ina dirisha lake, haitegemei "Settings". Ingia sehemu ya virusi, kisha "Scan options", uchague ukaguzi unaoitwa "Offline scan". Kompyuta itajiwasha upya na kujikagua kabla Windows haijaanza kazi. Hifadhi kazi yako kwanza, na hakikisha umeme upo.

Hatua ya 6: Kagua mafaili ya Windows. Katika "Start" andika cmd, bonyeza jina hilo kwa kitufe cha kulia na uchague "Run as administrator". Katika dirisha jeusi andika:

sfc /scannow

Bonyeza Enter na usubiri. Kazi hii haihitaji bando. Kwenye kompyuta kuukuu inaweza kuchukua nusu saa au zaidi. Mwishoni itakupa moja ya majibu matatu makuu: haikuona uharibifu, imeuona na kuutengeneza, au imeuona lakini imeshindwa kutengeneza baadhi. Likiwa ni jibu la tatu, unganisha intaneti na uandike:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

Amri hii yaweza kuhitaji kupakua mafaili mazima, kwa hiyo hakikisheni bando lipo. Inaweza kuonekana imesimama kwenye asilimia fulani kwa muda mrefu, msiikatishe. Ikimaliza, rudia ile amri ya kwanza, kisha washa upya.

Hatua ya 7: Jaribu kwa akaunti nyingine. Katika dirisha lilelile jeusi andika:

net user jaribio * /add

Utaombwa neno la siri mara mbili. Herufi hazitaonekana unapoandika, usishtuke. Kisha toka kwenye akaunti yako na uingie kwa jina "jaribio". Ikiwa "Settings" inafunguka humo, Windows ni nzima na kilichoharibika ni akaunti ya zamani. Dawa yake ni kufungua akaunti mpya ya kudumu na kuhamishia mafaili. Hakuna haja ya kupiga Windows. Ukimaliza jaribio, rudi kwenye akaunti yako na ufute ile ya muda kwa amri hii:

net user jaribio /delete

Hatua ya 8: Rudisha "Settings" katika hali yake ya mwanzo. Kwa wenye Windows 11, katika "Start" andika PowerShell, ifungue kwa "Run as administrator", kisha andika mstari huu bila kukosea:

Get-AppxPackage *windows.immersivecontrolpanel* | Reset-AppxPackage

Hatua ya 9: Rudisha kompyuta katika siku njema. Bonyeza Windows na R, andika rstrui. Kama kompyuta iliwahi kuweka kumbukumbu za hali yake, itakuonyesha tarehe za kurudia. Mafaili yako ya barua na hesabu hayaguswi, ila programu zilizowekwa baada ya tarehe hiyo zitaondoka.

Yote yakishindikana ndipo mwiteni fundi. Na hata hapo, mwombeni kwanza atengeneze Windows juu ya ileile iliyopo kwa kuchagua kubakiza mafaili na programu. Njia hiyo ipo, na fundi mwenye ujuzi anaijua. Kufuta kila kitu kuwe neno la mwisho.

5. KOMPYUTA INAPOKWENDA KWA FUNDI

Kompyuta ya usharika ina majina ya washarika, namba za simu, habari za watoto na pengine za wagonjwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kwa hiyo utunzaji wa taarifa za watu si suala la adabu peke yake, ni wajibu wa kisheria pia. Napendekeza kila kamati ifuate utaratibu huu:

(i) Kompyuta isitoke ofisini bila mwenyekiti au katibu kujua, na iandikwe katika daftari la mali.
(ii) Fundi apewe maelezo kwa maandishi: tatizo ni nini, na maneno "USIFUTE KITU BILA KUTUULIZA" yaandikwe kwa herufi kubwa, pamoja na namba ya simu.
(iii) Mtu mmoja wa usharika akae karibu kazi inapofanyika, ikiwezekana.
(iv) Msimpe fundi neno la siri la barua pepe wala la huduma za fedha kwa simu. Hayahitaji.

6. KINGA

Tatizo la yule mama halikuwa "Settings". Tatizo lilikuwa kwamba taarifa zilikuwa mahali pamoja tu. Wataalamu wa kompyuta hufundisha kanuni nyepesi: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali na ofisi. Kwetu sisi inaweza kuwa hivi: nakala ya kwanza ndani ya kompyuta, ya pili katika diski ya nje inayofungiwa kabatini pamoja na stakabadhi, ya tatu ipelekwe ofisi ya jimbo au ya dayosisi kila mwisho wa mwezi, ikiwa imefungwa kwa neno la siri. Daftari la karatasi la fedha liendelee. Nayafuta hapa maneno yangu ya zamani mbele ya wote.

Aidha, msizime kompyuta kwenye swichi ya ukutani, na msikubali kusasisha Windows wakati wa mvua za radi au siku za mgao wa umeme. Kwa kompyuta ya mezani, tengeni fungu la kununua kifaa cha kuhifadhi umeme, yaani UPS.

7. NENO KWA WAFADHILI WETU

Tunawashukuru kwa kompyuta mnazotuletea. Tunaomba mtusaidie katika mambo manne. Kwanza, ondoeni makufuli ya ofisi zenu kabla ya kusafirisha. Pili, kama imetoka Ujerumani au Sweden, iwekeni katika lugha ya Kiingereza; mtunza hazina anayetafuta "Settings" hawezi kujua kwamba "Einstellungen" ndiyo hiyohiyo. Tatu, kumbukeni kwamba Microsoft iliacha huduma ya kawaida ya kuisasisha Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta isiyoweza kubeba Windows 11 inahitaji mpango mwingine, na ni vema tuujadili kabla haijapakiwa. Nne, bajeti ya kompyuta iwe pia na diski ya nje, UPS na siku mbili za mafunzo kwa mtumiaji.

8. HITIMISHO

Katika Injili ya Luka sura ya 16 tunasoma habari za msimamizi aliyeitwa atoe hesabu ya usimamizi wake. Sisi sote tutaitwa hivyo, na washarika, na wabia, na Bwana mwenyewe. Mjane anayeweka shilingi elfu moja kila wiki katika kikundi ametuamini kwamba shilingi hiyo itaonekana siku atakapoihitaji. Tusimjibu kwamba mashine ilikataa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Kompyuta yetu ikiharibika usiku wa leo, ni taarifa zipi hazipo mahali pengine popote?
2. Ni nani anayetunza diski ya nje, na mara ya mwisho ilitumika lini?
3. Je, daftari la fedha la karatasi na la kompyuta yanalingana mwezi huu? Yakaguliwe papo hapo.
4. Ni nani, mbali na mtunza hazina, anayeweza kufuata hatua 1 hadi 4 za somo hili? Achaguliwe mmoja, hasa kijana, afundishwe.

Katateni ukurasa wa hatua hizi mkaubandike ukutani karibu na kompyuta. Bwana awabariki katika utumishi wenu.

Mratibu wa Miradi, Songea